Dalali anataka tuweke pevingi na jipsamu. Tukarabati nini kabla ya kuuza nyumba?

Swali: Kaka, habari za majukumu. Mimi na mume wangu tuna nyumba ya vyumba vitatu Tegeta. Tuliijenga kidogo kidogo kuanzia 2003, tukahamia 2008. Sasa tunarudi Morogoro na tumeamua kuiuza. Tumejikusanyia milioni 10 za kuitengeneza kwanza. Dalali anasema tukitandaza pevingi, vile vitofali vya zege, uwanja mzima na kubadilisha dari zote ziwe za jipsamu, bei itapanda kwa milioni 30, na mume wangu ameshamkubalia. Mimi wasiwasi wangu ni mwingine: ukuta wa sebule unabanduka rangi kila mwaka huku chini karibu na sakafu, dari ya korido ina doa la maji, na milango imechoka. Hati tunayo. Tuanzie wapi? Na je, tuhame kwanza ndipo watu waje kuangalia, au waje tukiwa bado tunaishi? Msomaji wa Tegeta.

Jibu: Nzuri dada. Mwambie shemeji asitoe advansi ya pevingi mpaka asome hapa. Sina ugomvi na pevingi, ni kitu kizuri uwanja ukiwa umeandaliwa. Ila kwa nyumba kama ulivyoieleza, hiyo pevingi ikiwekwa kiharaka ndiyo itakayowapunguzia bei.

Tuanze na atakayenunua. Mtu wa Dar akija kuona nyumba mara ya kwanza huja na mwenzi wake. Wanaangalia sebule, wanafungua makabati ya jiko, wanasifia. Mara ya pili anakuja na fundi wake, na yule fundi hana habari na jipsamu. Anatembea macho yakiwa juu, anatafuta madoa. Anagonga ukuta, anainua mfuniko wa chemba, anauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Halafu anamvuta bosi wake pembeni. Hapo ndipo bei inaposhuka, kwa sababu kwa kila kasoro atakayoiona atataja gharama kubwa kuliko ya kweli, na mnunuzi hana namna ya kumbishia. Doa moja la dari ambalo kulitibu ni kazi ya siku mbili linageuka kuwa “paa lote limekwisha”.

Akiwa ananunua kwa mkopo wa benki ndiyo kabisa. Benki inamleta mthamini aliyesajiliwa, naye anaangalia eneo, ukubwa wa kiwanja, hati, umri na hali ya jengo, na bei ambazo nyumba nyingine za jirani zimeuzwa kweli. Jipsamu ataiandika kwenye taarifa yake, lakini haitamfanya aongeze milioni 30. Mwombeni dalali awaonyeshe nyumba moja tu mtaani kwenu iliyouzwa kwa tofauti hiyo kwa sababu ya dari na uwanja. Simsemi vibaya, kazi yake inahitaji nyumba inayopendeza kwenye picha za simu. Ila picha humleta mteja getini tu, na ninyi mnahitaji bei isimame hata baada ya fundi kuondoka.

Kwa hiyo milioni 10 zenu zitibu kwanza kinachomtia mnunuzi hofu, na zikibaki ndipo zipambe. Kwa nyumba ya ukanda wetu wa pwani, hofu karibu yote ni maji: yanayoshuka toka juu, yanayopanda toka chini, na yale ya chooni.

Nianze na huo ukuta wa sebule, maana ndio ugonjwa mkubwa na ndio unaotibiwa vibaya kuliko vyote. Nyumba ikijengwa, juu ya msingi kabla ya tofali za kuta huwekwa utando wa kuzuia unyevu, mafundi wanauita dipisi. Kazi yake ni kuzuia maji ya ardhini yasinyonywe na tofali kupanda juu. Utando huo ukikosekana, ukichanika, au ukifunikwa na udongo kwa nje, maji hupanda ukutani yakiwa na chumvi. Yakifika kwenye plasta yanakauka, chumvi inabaki, inavimba, inasukuma rangi. Ndiyo maana mnapaka kila mwaka na kila mwaka inabanduka palepale. Rangi haina kosa.

Fanya hivi. Toka nje, simama upande wa pili wa ukuta huohuo, uangalie usawa wa ardhi ukilinganisha na sakafu ya ndani. Nyumba iliyoanza kujengwa 2003 mara nyingi ardhi yake imepanda: kifusi kilichosambazwa, bustani, mchanga uliobaki kwenye ujenzi, zege jembamba alilomwaga mtu ili asikanyage tope. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya dipisi kwa sentimita 15 hivi, yaani inchi 6. Kama imelingana na sakafu, mshampata mchawi.

Sasa fikiria pevingi hapo. Kitofali chenyewe kina unene wa sentimita 6, chini yake kuna mchanga wa kulalia wa sentimita 3 hadi 5. Fundi makini anachimba kwanza, anashindilia, anatoa mwinuko wa kupeleka maji mbali na nyumba. Fundi wa haraka anasawazisha tu na kulaza juu. Uwanja unapanda karibu sentimita 10, dipisi inazama, na mvua inarukia ukuta moja kwa moja. Mnaweza kumaliza kazi hiyo Februari, na Mei mkawa na kuta tatu zinazobanduka badala ya mmoja.

Lakini kabla hamjachimba, hakikisheni kweli ni maji ya ardhini. Unyevu unaopanda huacha mstari wa mawimbi mawimbi, kwa kawaida haufiki zaidi ya mita moja kutoka sakafuni, na ukipitisha kidole unatoka na unga mweupe. Bomba linalovuja ndani ya ukuta hutoa baka lililokaa mahali pamoja na halikauki hata Januari. Kama nyuma ya ukuta huo kuna bafu, lishuku bomba kwanza. Usiku mkishamaliza kutumia maji fungeni koki zote, soma mita ya DAWASA, soma tena alfajiri kabla mtu hajaenda msalani. Na kama maji yanaingia kwanza kwenye simtanki ndipo yateremke ndani, mita haitasema lolote kuhusu mabomba ya baada ya tangi. Hapo fungeni koki inayoingiza maji kwenye tangi, mweke alama ya usawa wa maji kwa chaki, mwangalie asubuhi kama yameshuka.

Ikiwa ni maji ya ardhini, tiba inaanzia nje. Shusheni udongo uliozidi kandokando ya ukuta mpaka dipisi ionekane, mpeleke maji ya paa mbali na msingi kwa gata au mfereji. Ndipo muingie ndani. Plasta iliyooza ichongwe yote, na ipitilize sentimita 30 juu ya pale mstari wa unyevu ulipoishia. Chumvi iliyobaki kwenye tofali isuguliwe kwa brashi kavu. Msiioshe kwa maji, itayeyuka na kurudi ndani. Acheni ukuta wazi ukauke, na hii ndiyo sehemu ambayo kila fundi atataka kuiruka. Plasta mpya iwe saruji moja kwa mchanga nne, mchanga wa mto uliochekechwa, pamoja na dawa ya kuzuia maji inayouzwa madukani. Mchanga wa ufukweni usiingie kabisa kwenye kazi hii, mtakuwa mmenunua chumvi nyingine. Baada ya hapo subirini wiki nne ndipo mpake, na mpake rangi ya maji. Rangi ya mafuta inafunga unyevu ndani, mtaona malengelenge.

Fundi atakwambia: “Mama, hii tukipiga wol puti tu inapotea.” Ni ule unga wa kulainisha ukuta kabla ya rangi. Kweli itapotea, miezi miwili mitatu. Sasa hapo niseme wazi. Kuficha kwa makusudi kasoro unayoijua ni udanganyifu kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na mnunuzi aliyedanganywa anaweza kuuvunja mkataba. Utakuwa Morogoro, hela umeshajengea, halafu upigiwe simu ya wito wa mahakamani. Tibuni, mpige picha kila hatua, mmwonyeshe mnunuzi. Mtu akiona picha za ukuta uliochongwa mpaka tofali anajua ninyi si watu wa kupaka juu kwa juu, na hata fundi wake anapungukiwa la kusema.

Doa la korido. Shemeji apande darini saa saba mchana jua likiwa kali, asiwe na taa. Popote penye tundu mwanga utaonekana kama nyota. Asipoona kitu, mtu mwingine apande juu ya paa na mpira wa maji, aanze kumwagilia chini karibu na ukingo, akae hapo dakika kumi au zaidi, ndipo apande hatua nyingine juu. Akianzia kileleni maji yatateremka kila mahali na hamtajua yameingilia wapi. Tena msitegemee kuwa tundu liko juu ya doa. Maji hufuata mbao, yakaenda kudondokea mita mbili mbali. Kwa nyumba ya umri wenu washukiwa wangu ni mipira ya misumari ya bati, ambayo jua limeshaikausha na kuipasua, na ile sehemu paa mbili zinapokutana na kufanya mfereji, ambako majani ya mwembe hujikusanya na bati likaoza taratibu. Misumari iliyolegea ing'olewe, ziwekwe skrubu nene kidogo zenye mpira mpya. Bati lililooza libadilishwe, na mkienda dukani chukueni kipande cha lile la zamani ili mpate mgongo uleule. Kumbuka pia geji 28 ni nene kuliko 30, namba ikipanda bati linapungua unene. Kulipaka lami bati lenye kutu mnajua mwisho wake, na mnunuzi akiona madoa meusi juu ya paa ataanza kuhesabu. Paa likishakuwa zima badilisheni ubao mmoja wa dari wenye doa, mpake dari yote ya korido rangi nyeupe. Hiyo inatosha, jipsamu ya nini.

Choo: vuteni karo, lile tangi la majitaka, kabla ya kuanza kuonyesha nyumba, mbadilishe mifuniko ya chemba iliyopasuka, bomba la hewa liwe na wavu. Mwandike kwenye karatasi karo liko wapi na shimo la kunyonyea liko wapi, maana mnunuzi atauliza, na ninyi mkianza kubishana mbele yake ataondoka na wasiwasi.

Umeme nao ukaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Apime waya wa ardhini, aangalie meni swichi, abadilishe soketi zilizoungua. Ni kazi ndogo, lakini soketi yenye weusi wa moto ikionekana sebuleni watu huiwaza usiku kucha.

Milango unayosema imechoka, usiibadilishe kabla ya kujua ni mbao gani. Kama ni mninga au mkongo, ipigwe msasa vizuri, vanishi mara mbili, vitasa vipya, utaona wageni wanauliza uliinunua wapi. Milango ya kisasa ya bei nafuu inayofanana na ubao ukiiweka mahali pa mninga umeshusha hadhi ya nyumba kwa hela yako mwenyewe. Ila kwanza chukua bisibisi uchome fremu kwa chini, pale inapogusa sakafu. Ikizama kama kwenye mkate, mchwa wameshakula, hiyo fremu ing'oke na dawa imwagwe. Kagua pia fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa.

Jiko na mabafu msivunje. Marumaru za mnunuzi atazichagua mnunuzi. Safisheni mistari ya grauti, jazeni iliyotoka, badilisheni koki zinazodondosha, wekeni silikoni mpya kuzunguka sinki. Madirisha yapate wavu mpya wa mbu, hiyo ni hela ndogo sana na inabadilisha sura ya chumba kuliko unavyodhani.

Rangi inakuja mwisho kabisa. Ndani iwe moja nyumba nzima, nyeupe iliyopozwa au krimu, hata kama wewe unapenda ule ukuta wa zambarau. Kwa nje, mkikosa hela ya kuzunguka nyumba yote, pakeni uzio wa mbele na geti, maana picha ya kwanza atakayotumiwa mteja ni hiyo.

Kwa hesabu yangu, karibu nusu ya milioni 10 itaenda kwenye ukuta, mifereji na paa. Robo rangi, milango na nyavu. Iliyobaki choo, umeme na dharura, kwa sababu ukishafungua paa la nyumba ya zamani hukosi kukutana na mbao iliyooza. Vifaa nunueni wenyewe, fundi mlipeni ufundi kwa hatua, na malipo ya mwisho yabaki kwenu mpaka mvua moja inyeshe mwone.

Na kila mnachonunua daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya mamlaka ya mapato, TRA. Wauzaji wengi wa nyumba wanaidharau risiti, halafu wanaijutia TRA. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, nyumba mliyoimiliki na kuishi miaka mitatu au zaidi haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji ikiwa faida yenu haizidi milioni 15. Kwa Tegeta, kiwanja cha 2003, faida yenu karibu hakika itazidi, na mkaazi hutozwa asilimia 10 ya faida. Faida ni bei ya kuuzia toa gharama za kununua, kujenga, kuboresha na kukarabati, zile mnazoweza kuzithibitisha kwa karatasi. Yaani milioni 10 za ukarabati zenye risiti zinawaokolea milioni moja ya kodi. Kafukueni na zile za zamani: mkataba wa kiwanja, stakabadhi za nondo na saruji, hata kama zimefifia, zipigeni picha leo. Kabla ya kusaini mkataba wa mauzo pitieni ofisi ya TRA mhakikishe viwango, maana kila mwaka Sheria ya Fedha inaweza kugusa jambo.

Kuhusu hati, kuwa nayo ni mwanzo. Angalieni imeandikwa jina la nani. Hata ikiwa ni la shemeji peke yake, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa yako, na wakili wa mnunuzi ataidai kwa maandishi. Pango la ardhi lilipwe mpaka mwaka huu. Halafu kuna hili ambalo watu hulisahau: tafuteni bikoni zenu zote nne, yale mawe ya mpaka yaliyowekwa na mpimaji. Mwite mtu mwenye jembe, afyeke na kuchimbua kwenye kona mpaka zionekane, mzipake rangi nyekundu. Bikoni ikikutwa nje ya uzio mmejipunja. Ikikutwa ndani ya uzio, uzio wenu umekaa kwa jirani, na ni heri mlijue sasa mkae na jirani mlimalize kuliko aje apaze sauti siku mnunuzi amekuja na mpimaji wake. Niliona nyumba nzuri kabisa, dari za kumeta, ikikaa sokoni muda mrefu kwa sababu ya banda la kuku lililoingia kwenye kiwanja cha pili kwa hatua mbili.

Muda wa kazi upangeni kwa majira. Masika, Machi hadi Mei, ndiyo wakati wa kuvujisha kila kinachovuja, kwa hiyo ziandikeni kasoro na mzibe paa kila mvua inapopumzika. Juni chongeni ukuta, upate upepo mkavu wa kipupwe. Rangi Agosti. Watu waanze kuja Septemba, na ikiwezekana muwe mmemaliza kabla vuli haijachanganya.

Swali lako la mwisho. Kama hamlazimiki, msihame wote. Nyumba iliyofungwa miezi miwili Dar inanuka unyevu, mchwa wanajenga, na wapo wanaoanza kung'oa nyaya. Ila punguzeni vitu: makochi ya ziada, masanduku ya juu ya makabati, ile friji iliyokufa iliyoko kibarazani, vitangulie Morogoro. Vyumba vitaonekana vikubwa. Abaki mtu mmoja wa kufagia uwanja na kufungua madirisha asubuhi. Mteja akipiga simu kuwa yuko njiani, hakikisheni simtanki lina maji na LUKU ina yuniti, kwa sababu kitu cha kwanza atakachofanya akiingia bafuni ni kufungua koki na kubonyeza swichi.